Kimya cha Kaveinga

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimehamia shambani. Mkuu wa gereza aliniita ofisini akaniambia, "Penisimani, umekaa langoni miaka ishirini na minne. Nenda kapumzike na maboga." Maboga gani ya kumpumzisha mtu. Ni ekari nane za udongo mwekundu mashariki mwa Tongatapu, kisiwa chetu kikuu, nyumba moja ya mabati, tangi la maji, na wanaume sita ambao hakimu ameamua wasifungwe kwanza. Wote ni wavutaji wa aisi, yale mawe meupe yanayochomwa kwenye kioo. Badala ya kukaa gerezani watalima, watapimwa mkojo kila Jumatatu, na kila Alhamisi watakaa duara na mshauri waseme yaliyowafikisha hapa. Wengi wakifaulu hadi mavuno, serikali itajenga nyumba ya watu thelathini. Wakishindwa, watarudi kutumikia vifungo vyao na hapatakuwa na sita wengine.

Kanuni ni kurasa nne, nimetia saini kila ukurasa. Daftari la mahakama nalijaza mimi. Kila Alhamisi, mbele ya kila jina, naandika moja kati ya maneno mawili: Ameshiriki, au Amekataa.

Mimi siamini mambo haya. Naandika hivyo ili nisije nikajisingizia baadaye. Mmoja wa hao sita, Kaveinga, nimemfungulia lango mara tatu na kumfungia mara tatu, na ana miaka ishirini na saba tu. Mara ya mwisho aliiba jenereta ya kanisa letu wiki ya msiba wa mama yangu. Tulimwimbia mama kwa mwanga wa simu.

"Afande Penisimani," aliniambia leo akishusha godoro lake, "tunakutana tena."

"Safari hii hakuna jenereta."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 10 Julai

Duara la kwanza. Mshauri anaitwa Lupe, hajafika miaka thelathini na tano, amekulia ng'ambo, Auckland. Ndiye pekee nchini mwenye cheti cha kazi hii, kwa hiyo akiugua mafua shamba zima linaugua. Alijitambulisha vizuri, kwa adabu: yeye ni Lupe binti Filimone, baba yake aliondoka kisiwani akiwa na miaka kumi, akataja na kijiji alikotoka baba.

Kaveinga alikuwa anachekesha wenzake muda wote tangu asubuhi. Duara lilipoanza alihamisha kiti hadi mlangoni, akatazama nje, na hakutoa neno. Lupe alimuuliza mara tatu kwa upole. Kimya.

Amekataa.

Alhamisi, 17 Julai

Baridi, upepo wa kusini mashariki. Tumepanda mbegu robo ya shamba. Kaveinga: Amekataa.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani. Fusi mke wangu ananiuliza kama wezi wangu hawajambo. Nikamwambia wanakula sana.

Alhamisi, 24 Julai

Amekataa.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeona kitu ambacho sikutarajia kukiona.

Tuimalo ni jitu la miaka arobaini, zamani alicheza raga, sasa mashavu yameingia ndani. Wiki zote alikuwa akisema mambo ya juu juu, aliiba hiki, aliuza kile. Leo Lupe alimuuliza, "Na mke wako, Tuimalo?" Akavuta kiti mbele. Kisha akasema. Alisema jinsi alivyomtuma mke wake kwa muuzaji siku ambazo mkono ulikuwa mtupu, na mke alikwenda kulipa kwa nini, na yeye alikaa nje kwenye gari akisubiri. Alitumia maneno yenyewe, hakuficha. Nimesikia mengi gerezani lakini yale yalinifanya nitazame viatu vyangu. Alipomaliza alilia kwa sauti ya mtoto, Lupe akamwacha alie.

Katikati ya maneno hayo Kaveinga alitoka nje. Aliinuka tu, akapita mlangoni, akasimama kwenye matuta huku ametupa mgongo. Mwenzake anajipasua kifua na yeye anatoka kama aliyekerwa na harufu. Nilimfuata.

"Umeona umezidi wengine?"

"Hapana, afande."

"Basi rudi ndani."

"Niandike tu, afande."

Nikamwandika, tena kwa wino mzito.

Ijumaa, 8 Agosti

Tuimalo amelala hadi jua limetoka. Wenzake wanasema hajawahi. Amekula mihogo sahani mbili na samaki wa nazi, akaomba tena.

Alhamisi, 14 Agosti

Amekataa.

Jumatatu, 25 Agosti

Vikombe vyote sita safi, kwa wiki ya saba. Nilidhani kipimo kimeharibika, nikamwomba Lupe apime wangu. Akapima. "Hongera, afande, huvuti aisi," akasema, "ila punguza chumvi." Watu wakacheka mchana kutwa kwa hilo.

Kaveinga naye safi, kama wengine. Sielewi. Mtu haongei, hataki msaada, na kikombe chake ni maji ya mvua.

Alhamisi, 4 Septemba

Jua kali, hakuna mvua tangu tupande. Pampu ya tangi imekufa asubuhi. Kaveinga aliifungua yote juu ya gunia, akasafisha, akaifunga, ikanguruma kabla ya chakula cha mchana.

"Umejifunza wapi?"

"Ukiiba pampu nyingi, afande, unazijua kwa majina."

Nikacheka kabla sijajizuia. Mchana, duara. Mlangoni, mgongo kwetu. Amekataa.

Jumanne, 9 Septemba

Tunamwagilia kwa ndoo pembe ambayo bomba halifiki. Nilikuwa tuta moja na Kaveinga. Bila kuulizwa akaanza kuongea. Mara ya kwanza alivuta akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye boti ya uvuvi, ili asilale. Anasema ilikuwa kama mtu amemfungulia dirisha. Baadaye dirisha likaanza kumtaka yeye alifungue kila siku. Akanieleza jenereta: aliibeba huku anasikia tunaimba, na aliijua sauti yangu kwenye wimbo. Akaketi chini kati ya majani akaniomba msamaha kwa namna yetu, kichwa kimeinama mpaka nikamwambia inuka.

Nilikuwa na hasira naye mwaka mzima, na leo nimeitafuta sijaiona. Hilo limenikera pia.

"Mbona haya huyasemi Alhamisi?"

Akachukua ndoo. "Tangi ni mbali, afande, twende."

Alhamisi, 11 Septemba

Amekataa.

Alhamisi, 18 Septemba

Amekataa. Lupe alinifuata jikoni akiwa na macho mekundu. "Nimekosea nini kwake? Wengine wote wanafunguka. Huyu hata chai hanywi nikiwa ndani. Ananichukia?"

"Ana jeuri," nikasema. Sikuamini tena nilichosema, lakini sikuwa na kingine.

Jumatano, 8 Oktoba

Nitaandika yote, kwa sababu leo nimejua mimi ni mjinga wa kiwango gani.

Bibi mmoja amefariki kijijini kwao Kaveinga, dada wa babu yake. Mahakama ilimruhusu kwenda kuzika, chini ya ulinzi wangu. Alivaa mkeka mkubwa uliochakaa, unaovaliwa msibani na walio chini ya marehemu kwa undugu, akaenda moja kwa moja kwenye moto wa nyuma kupika nguruwe na wenzake. Mimi nilikaa kivulini na wazee. Msemaji wa familia alikuwa anapokea zawadi, anatangaza kila mkeka na kila nguo ya magome na nani kaileta. Akatangaza: mkeka huu mwembamba umetoka Auckland, kwa Filimone, mtoto wa kaka wa marehemu, ambaye binti yake Lupe sasa yuko hapa nyumbani anatibu vijana wetu.

Nikamuuliza mzee wa pembeni yangu, huyo Filimone anamhusuje Kaveinga.

"Babu zao ni ndugu, tumbo moja," akasema. "Huyo Lupe ni dada yake Kaveinga. Hukujua?"

Sikujua. Na mtu wa hapa kama mimi, mwenye mvi hizi, nilipaswa kujua siku ya kwanza, kwa jinsi alivyohamisha kiti. Kwetu hakuna dada wa nusu wala wa mbali. Kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja, hawachekei mambo ya chumbani, hawatazami aibu ya mwenzao. Na si wao tu. Wakiwepo wote wawili, kila mtu aliye pale anachunga ulimi wake. Mimi mwenyewe nilishamzimia redio mjomba wangu kwa sababu dada yangu ameingia.

Tulirudi kwa gari la shamba, mimi naendesha. Nilisimama njiani.

"Kwa nini hukusema?"

Alitazama mbele. "Nikisema mimi ni kaka yake, afande, wale watano watafunga midomo siku hiyo hiyo. Tuimalo angeweza kusema yale, mimi nimekaa pale na dada yangu yupo? Angekufa nayo. Nilitoka nje ili ayaseme yote."

"Na yeye Lupe hajui?"

"Amekulia kule. Akijua atafanya nini? Kanuni ukurasa wa tatu. Umetia saini, afande. Mshauri mwenye undugu na mtu wa shambani anaacha kazi. Hakuna mwingine nchi nzima. Sote sita tunarudi ndani."

"Lakini wewe utarudi hata hivyo. Nimekuandika mara kumi na tatu."

"Mimi nalijua gereza. Tuimalo ana watoto watatu."

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia, nikawasha gari.

"Usimwambie," akasema tulipofika getini. "Nakuomba kama baba."

Alhamisi, 9 Oktoba

Kalamu imeandika Amekataa. Mkono ni wangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nilimwendea Lupe na habari ya kuzunguka. Nikamwambia Kaveinga anaongea nami vizuri sana kwenye matuta, amenieleza tangu boti hadi jenereta, na je, hayo hayawezi kuhesabiwa?

"Nimefurahi kusikia," akasema, na alifurahi kweli. "Ila hakimu anataka duara na saini yangu. Mlete niongee naye peke yake, sisi wawili tu, mlango umefungwa."

Mungu wangu. Chumba kimoja, mlango umefungwa.

"Hataweza."

"Kwa nini, afande? Wewe unajua kitu."

Alinitazama sana. Ningesema pale. Nje Tuimalo alikuwa anafundisha wenzake kurusha boga kama mpira wa raga, ananenepa, anatukana kwa furaha. Nikasema sijui.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua hatimaye. Maboga yanavimba. Amekataa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Amekataa. Alipotoka nje nilitoka naye, tukasimama mvuani wawili. Ndani tulisikia mtu anacheka na mtu analia.

Jumatatu, 10 Novemba

Mavuno. Tunakata, tunafuta, tunapanga kwenye makreti ya meli ya Japani. Kaveinga anabeba makreti mawili wengine wakibeba moja. Vikombe vyote safi, wiki ya kumi na nane.

Alhamisi, 13 Novemba

Duara la mwisho. Lupe aliwapa kila mmoja taji la maua shingoni. Alipofika kwa Kaveinga, yeye alikuwa ameshatoka, basi akaliweka juu ya kiti mlangoni. Baadaye nilimwona amelichukua, amelishika kwa vidole viwili, hajalivaa.

Amekataa. Hiyo ni kumi na tisa.

Ijumaa, 28 Novemba

Mahakamani. Hakimu alisoma jina moja moja. Watano wamefaulu, wanakwenda nyumbani na masharti. Kisha akafungua daftari langu.

"Mara kumi na tisa," akasema. "Mkojo safi bila neno moja ni mtu anayesubiri msimu uishe. Mshauri anasemaje?"

Lupe alisimama. Alisema ukweli anaoujua: kwamba ni mchapakazi, kwamba alijaribu, kwamba hajawahi kumfikia.

"Ofisa wa shamba?"

Nikasimama. Kwenye mabenchi ya nyuma walikuwapo watoto watatu wa Tuimalo, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Ijumaa. Kaveinga aliniangalia mara moja tu akatikisa kichwa, kidogo, kama mtu anayefukuza nzi.

"Daftari liko sawa, mheshimiwa," nikasema.

Miaka miwili na nusu. Hakimu akaongeza kwamba kwa matokeo haya atapendekeza nyumba ya thelathini ijengwe. Watu walipiga makofi. Tuimalo alinibeba juu.

Kaveinga nilimpeleka gerezani mwenyewe. Langoni akasema, "Tunakutana tena, afande."

Jumatatu, 1 Desemba

Nimerudishwa gerezani kusubiri ujenzi. Fusi anasema sili.

Jumatano, 17 Desemba

Onyo la kimbunga, tumepigilia mbao madirishani. Kimepita mbali. Kule ndani hakuna duara, hakuna kikombe, hakuna shamba, na aisi inaingia kama inavyoingia siku zote, sijui kwa mlango gani na nimeulinda mlango huo miaka ishirini na minne.

Jumatatu, 22 Desemba

Kaveinga ana macho makubwa. Anakuna mikono. Nilipompita hakuniita.

Nilipekua seli yake kama zamu inavyotaka. Chini ya mkeka kulikuwa na balbu iliyotobolewa, imeungua ndani. Karibu miezi mitano vikombe safi, na wiki tatu na siku tatu zimetosha. Nilikaa kitandani kwake na balbu ile mkononi, nikajisikia ni mimi niliyemwashia.

Jumatatu, 29 Desemba

Lupe alipiga simu kutoka Auckland, alikokwenda kwa Krismasi. Hakunisalimu.

"Baba ameniuliza hali ya ndugu yangu Kaveinga, mjukuu wa kaka wa babu. Nikamwambia ndugu gani. Afande, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba. Oktoba."

Nilisikia watoto wanacheza upande wake, na televisheni.

"Nilidhani ananichukia," akasema. "Nilisimama mbele ya hakimu nikasema sijamfikia. Alikuwa ananifunika mimi na wale watano, na wewe ulikaa ukaandika."

"Nilikaa nikaandika."

"Kama ungeniambia, ningeacha kazi."

"Ndiyo sababu."

"Na hiyo ni sababu nzuri, afande, mimi siipingi. Ila ungetafuta njia. Wewe ni mtu mzima. Ungekwenda kwa hakimu nyumbani kwake, na mkeka wa heshima kiunoni, ungeongea naye kama Mtonga na Mtonga. Ulijaribu hata hilo?"

Sikujaribu. Halikunijia. Niliogopa karatasi kuliko mtu, na hilo ndilo gereza limenifundisha.

Ijumaa, 2 Januari

Nimemwandikia hakimu kurasa tatu. Nimeandika kwamba Lupe hakujua, watano hawakujua, aliyejua ni mimi, na kama kuna wa kuadhibiwa asitafute mbali. Nimemwomba wale watano waachwe walipo. Karani amepokea. Hakimu yuko likizo hadi Februari.

Nilimweleza Kaveinga, na simu ya Lupe pia. Alivuta fulana akajifunika uso.

"Kwa hiyo amejua niko hivi?"

"Anajua uko hapa."

"Asije. Afande, nakuomba, asije kuniona hivi."

Alhamisi, 8 Januari

Amekuja.

Alikuja asubuhi, siku ya wageni, amevaa nguo nyeusi na mkeka kiunoni, amebeba chakula kimefungwa kwenye majani ya mgomba. Hakuja kama mshauri. Aliketi kwenye benchi la nje ya lango, juani, miguu amekunja upande kama walivyokaa mama zetu. Nilimwambia kuna kivuli. Akasema hapo panatosha.

Nilikwenda seli. Kaveinga alikuwa amegeukia ukuta. Nilimwambia nani yuko nje. Mabega yakaanza kutikisika, hakugeuka. "Mwambie chakula nitakula," akasema mwishoni. "Chote."

Nilirudi nikamwambia. Lupe akanikabidhi chakula kwa mikono miwili. Hakuondoka. Alikaa hadi kengele ya saa sita, ametazama ukuta, na najua upande wa pili naye alikuwa ametazama ukuta.

Kitabu cha wageni ninacho mimi. Safu ya mwisho inauliza mfungwa amekubali kuonana na mgeni au amekataa. Mkono umezoea, ulishaanza kuandika. Niliikata ile herufi, mgeni aliyefuata kwenye foleni akakohoa. Kisha nikaandika kwa herufi kubwa ili hakimu yeyote atakayekifungua aisome: Ni dada yake.